Sweta Lililofumuliwa Jina

Anayeanza kunisoma leo hana hasara kubwa. Yaliyotangulia yanaweza kusemwa kwa pumzi moja. Mimi ni mkutubi wa shule ya msingi. Mwanangu wa pekee alisoma shule hiyohiyo. Muhula uliopita alishikwa na homa jioni, tukampa dawa ya maji na kusubiri kupambazuke, na tulipofika hospitali daktari alitutazama kama karani anavyowatazama watu waliofika dirisha limekwisha kufungwa.

Nilikwisha kueleza jinsi tulivyomzika, na jinsi nilivyorudi kazini mara moja kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Leo naeleza kosa nililolifanya kwa akili timamu, baada ya kufikiri sana. Makosa ya namna nyingine siyawezi.

Wenzake walimwita Kamusi, kwa kuwa alikuwa akiwasahihisha hata wanapomtukana. Jina lake la shule sitaliandika hapa. Limekwisha kufumuliwa mara moja, na inatosha.

Kwa hiyo mke wangu alikuwa Mama Kamusi kwa mtaa mzima. Baada ya mazishi watu walianza kukwama katikati. Walisema, "Mama...", wakanyamaza, kisha wakazungumzia mvua.

Kila Jumapili jioni alitoa kabatini shati, kaptula na sweta, akavipiga pasi, akavirudisha kabatini.

"Mama Kamusi," nilimwambia siku moja, "likizo imeanza. Hata walio hai hawavai sare sasa."

"Najua ni likizo. Kwani mimi sina kalenda?"

Akageuza sweta na kuanza mkono wa kushoto. Pindo la mkono huo lilikuwa limekolea rangi kidogo kuliko sehemu nyingine, kwa sababu Kamusi alikuwa na tabia ya kulitafuna akifikiri, na mama yake alilisuka upya kwa uzi uliokaribiana na ule wa awali. Uliokaribiana, si uleule. Msomaji alikumbuke pindo hilo.

Dada mkubwa wa mke wangu alikuja kumchukua akakae kwake kwa muda. Mizigo ilipokwisha kupakiwa, alinivuta kando.

"Shemeji, kabati lile litamwua mdogo wangu."

"Unataka nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Wewe si ndiye msomi?"

Nikabaki na nyumba, kabati na swali hilo.

Shule yetu ina desturi yake ya likizo. Kabla ya muhula mpya, wazazi huleta sare zilizowabana watoto wao, zikapangwa juu ya meza ukumbini, na wenye shida huingia kwa mlango wa nyuma kuchagua. Tunaiita Meza. Sheria ya shule inataka kila sare itariziwe jina la mtoto ndani ya kola kwa uzi mwekundu, hivyo kabla ya kugawa ni lazima majina yafumuliwe. Zamani hayakufumuliwa. Kijana mmoja alipewa sweta la binti wa daktari wa meno, akaitwa kwa jina la binti huyo hadi alipomaliza shule, na nasikia hata siku ya harusi yake.

Mfumuaji wa miaka yote alikuwa mke wangu, ambaye ni fundi cherehani. Mwaka huu alisema hatakwenda, na hakuna aliyethubutu kumbembeleza.

Mimi sikuwahi kuiamini sana Meza. Nimesoma vya kutosha kuhusu utoaji kujua kwamba mtoaji mara nyingi hununua picha yake mwenyewe. Likizo hiyohiyo mnada wa kuchangia viatu ulifanyika kwa keki moja. Ilinunuliwa ikarudishwa mezani, ikanunuliwa tena ikarudishwa tena, hadi urembo wake wa sukari ukaanza kuteremka, na kila mnunuzi alipigiwa makofi. Hakuna aliyeila. Viatu vilipatikana, nakiri.

Mwalimu Mkuu alinifuata maktaba. Ni mama wa makamo aliyefundisha sayansi kabla ya kupewa ofisi, na ndiye aliyewafundisha watoto wa eneo letu kwamba homa huletwa na vijidudu, si na maneno ya watu.

"Mwalimu, nataka usimamie Meza mwaka huu."

"Mimi siyaamini mambo haya."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wanaoyaamini wanalia, kazi haiendi." Alitazama rafu kidogo. "Na mama... hajambo?"

"Yuko kwa dada yake."

"Mwache apumzike."

Basi nilirudi nyumbani nikafungua kabati. Niliyapima mambo. Jina litafumuliwa na mikono mingine. Sweta litachanganyika na masweta mengine yaliyofanana nalo. Litavaliwa na mtoto aliye hai, mke wangu atarudi akute nafasi tupu, ataumia mara moja badala ya kila Jumapili, na jambo litakwisha. Hoja haikuwa na ufa. Naitazama mpaka leo na bado siuoni.

Nikaweka sare katika mfuko.

Mlangoni pa ukumbi alikuwepo mwenyekiti wa wazazi, muuza magodoro ambaye watoto humwita Mzee Kipaza kwa sababu hajawahi kukiona kipaza sauti akakipita. Kazi yake ilikuwa kukagua nguo.

"Lete, Mwalimu, lete." Alizipapasa kama anayepima sponji. "Shati, kola imekwisha. Kaptula nayo, samahani, makalio yanang'aa kama sufuria. Hizi rudi nazo. Sweta safi. La nani hili?"

Ningeweza kusema la mtoto wa jirani. Lakini sina kipaji cha uongo, na kwa muda mrefu niliihesabu kasoro hiyo kuwa sifa.

"La mwanangu."

Mkono wake ukaganda juu ya sweta. "La Kamusi?"

"Ndiyo. Naomba neno hilo liishie hapa."

"Mwalimu, mimi ni kaburi." Alipoisikia kauli yake mwenyewe alijaribu tena. "Yaani, mimi ni sanduku. Limefungwa."

Naamini aliahidi kwa moyo safi. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa na waya na ulichomekwa ukutani.

Shati na kaptula nilivitia katika mkoba wangu wa kazini. Sikuwa na uso wa kuvirudisha kabatini, wala wa kuvitupa.

Ijumaa asubuhi nilikuwa ukumbini nikipanga masweta kwa ukubwa. Mlango ulifunguliwa, akaingia mke wangu. Mkononi alikuwa na mkasi wake mdogo wa kufumulia.

Mwalimu Mkuu alimkumbatia bila neno. Mimi nilisimama na sweta la mtu mikononi.

"Umerudi?"

"Dada anaongea sana." Alivuta kiti hadi dirishani. "Nimechoka kukaa, Baba Kamusi. Nikasema nije nifumue. Nipe hayo ya kwanza."

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilitazama rundo, nikijua kilichokuwa ndani yake, bila kujua kilikuwa usawa gani.

"Anza na hili la mjukuu wangu," alisema Mwalimu Mkuu, akimpa kwa mkono wake. "Limembana kabla hata mwaka haujaisha. Anakula kama fundi mwashi."

Mke wangu alicheka kidogo puani. Alifumua jina la mjukuu, akadondosha nyuzi sakafuni, akasema, "Jingine."

Nilianza kupekua rundo, nikijifanya napanga. Mzee Kipaza akaniita nimsaidie kubeba mabenchi. Nilisema nina kazi. Mwalimu Mkuu akasema mabenchi ndiyo kazi. Nikabeba. Nilibeba haraka kadiri mtu wa umri wangu anavyoweza kubeba benchi, na niliporudi mke wangu alikuwa ameshika sweta kwa ncha ya kola, amelitazama pindo la mkono wa kushoto.

Hakuuliza. Alinitazama mara moja tu, na kutazamwa huko kulikuwa na swali na jibu pamoja.

"Mama Kamusi," nilisema kwa sauti ya chini, "lete nikusaidie."

"Kaa pembeni. Unanizibia mwanga."

Alilaza sweta mapajani. Alianza na herufi ya mwisho, kama afanyavyo fundi, kwa sababu huko ndiko fundo liliko. Alikuwa amelitarizi jina hilo yeye mwenyewe, kwa mshono mdogo uliobana, ili lisitoke. Lilitoka kwa shida. Nyuzi za majina mengine alizidondosha chini. Za jina hili alizikusanya kiganjani, herufi baada ya herufi, hadi kola ikabaki tupu.

Kisha alilikung'uta, akalikunja, akaliweka kwenye rundo la yaliyokwisha.

"Jingine," alisema.

Jioni tulikaa mezani na chai ambayo hakuna aliyeinywa.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungekataa."

"Umejuaje?"

"Mtu anayepiga pasi kila Jumapili..."

"Hebu ngoja. Usinisome kama kitabu chako." Alisukuma kikombe. "Kule kwa dada kazi yangu ilikuwa moja. Kujifunza namna ya kulitoa lile sweta. Asubuhi nasema leo naweza, jioni nasema siwezi. Jana usiku nikaweza. Nikapanda basi la alfajiri. Nikasema nipitie ukumbini kwanza, nifumue ya watu, nione kama mkono utanitii. Halafu kesho nilitoe kabatini nilipeleke kwa mkono wangu."

Nilisema la kwanza lililonijia. "Basi tumefika palepale. Limetolewa."

"Hatukufika palepale. Wewe umetoa. Mimi nimechukuliwa."

Nimesoma mengi kuhusu utoaji. Sentensi hiyo sikuwahi kukutana nayo.

Nilifungua mkoba nikamwekea mezani shati na kaptula.

"Hivi vilirudishwa."

"Kwa nini?"

"Vimechakaa."

"Vimechakaa," alirudia, akipitisha kidole kwenye kiwiko cha shati. "Alikuwa golikipa. Walitaka visichakae?" Alivikunja na kuviweka juu ya magoti yake. "Kesho nakwenda kugawa. Nataka nimwone atakayelivaa. Hicho usinichukulie."

"Sitakuchukulia."

"Nikimwona analivaa, Jumapili sitapiga pasi."

Nilielewa kwamba nilikuwa nimepewa hukumu nyepesi kuliko niliyostahili.

Jumamosi watu waliingia kwa mlango wa nyuma kama ilivyo desturi, wakijifanya hawaonani. Sweta la Kamusi liliangukia mikononi mwa dobi wa nyumba ya wageni iliyo karibu na shule, mama mwembamba ambaye sabuni ilikuwa imeuchubua mkono wake hadi kiwikoni, na binti yake mdogo. Binti alilivaa palepale.

"Mama, linanitosha."

"Mikono mirefu."

"Nitakua."

"Wewe kila kitu utakua. Viatu utakua, begi utakua. Geuka nikuone."

Binti akageuka. Mke wangu aliwatazama kutoka upande wa pili wa meza. Uso wake ulifanya jambo nisiloliona tangu muhula uliopita. Sisemi kwamba ulifurahi. Ulitulia.

Kama siku ingeishia hapo, nisingekuwa na cha kuandika wiki hii, na ningeshukuru.

Mzee Kipaza alishika kipaza sauti.

"Ndugu zangu wazazi, mimi sina mengi."

Watu walitafuta mahali pa kuegemea.

Alishukuru wenye keki. Alishukuru wenye viatu. Alijishukuru mwenyewe kwa njia ya kuzunguka. Kisha macho yake yakamwangukia mke wangu, yakajaa machozi, nami nikajua lile sanduku linafunguka.

"Yupo mama mmoja hapa," alisema, "ambaye hata msiba haukumzuia. Nimeambiwa nisiseme, lakini moyo unakataa. Ndugu zangu, sweta la marehemu mwanawe liko mikononi mwa mmoja wenu hivi sasa. Mpigieni makofi."

Hakuna aliyepiga.

Mwanamke mzee aliyekuja kumchagulia mjukuu alishusha sweta alilokuwa amelishika. "Lipi?"

"Bibi, haijalishi ni lipi," alisema Mzee Kipaza, sasa kwa sauti ndogo.

"Mtoto mwenyewe alikufa na nini?"

"Homa," mtu alijibu.

"Homa gani?"

Hata sisi hatukuwahi kuambiwa.

Mwalimu Mkuu alimpokonya kipaza. Alisema kwa utulivu kwamba homa haikai kwenye nguo, kwamba masweta yote yamefuliwa na kupigwa pasi, kwamba watu wazima wasiwafundishe watoto ujinga.

"Tumekuelewa, Mwalimu," alisema yule bibi kwa heshima zote, akalirudisha sweta mezani.

Akafuata mwingine. Kisha mwingine, akilikunja vizuri kwanza ili asionekane hana adabu. Wengine walisema watarudi Jumatatu, na Jumatatu ndiyo shule ilikuwa inafunguliwa. Desturi yetu ya kufumua majina ilikusudiwa kumficha mtoaji, na ilimficha vizuri mno. Kwa kuwa hakuna sweta lililobaki na jina, kila sweta lilikuwa la mwanangu.

Dobi alikuwa amemshika binti yake begani.

"Vua."

"Mama, silivui."

"Vua nimesema. Tutapata jingine."

"Jingine lipi, na yote yanarudishwa?" Binti alijikumbatia, mikono mirefu ikamzunguka hadi mgongoni. "Nitaenda shule na nini?"

Hapo mke wangu alisimama.

Ukumbi mzima ulimpisha, kwa namna watu wanavyompisha aliyefiwa, wakirudi nyuma zaidi ya inavyohitajika. Yeye peke yake angeweza kulitaja sweta. Akilitaja, wengine wote wangechukua yao, na binti yule angelivua mbele ya watu. Asipolitaja, meza ingebaki imejaa na watoto wangeanza muhula bila sare.

Alitembea hadi kwa binti. Akainama, akaushika mkono wa kushoto wa sweta, akalikunja pindo kwa ndani, mara moja, kisha tena, mpaka uzi uliokolea rangi ukapotea.

"Ukikunja hivi," alisema, "halitakusumbua ukiandika."

Kisha akamwacha, akaenda mezani, akayapitia masweta yaliyorudishwa kama anayetafuta kitu anachokijua. Akachomoa moja.

"Hili."



"Una hakika, mama?" aliuliza yule bibi.

"Bibi, nimelifua tangu likiwa jipya. Nitalisahau?" Akalikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. "Naomba radhi. Nilidhani naweza kulitoa. Siwezi. Narudi nalo nyumbani."

Ukumbi ulishusha pumzi. Mikono ilirudi mezani, ya kwanza kwa aibu, iliyofuata kwa haraka, na baada ya muda mfupi watu wawili walikuwa wakigombea kaptula. Dobi alimwachilia binti yake.

"Haya, una bahati yako." Kisha, kwa mke wangu: "Pole sana, mama."

"Ahsante. Mwangalie tu asitafune mkono. Watoto wana tabia hiyo."

Mimi, nisiye na kipaji cha uongo, nilisimama pale nikimtazama bingwa.

Njiani kurudi alilibeba sweta mbele ya kila mtu, jinsi anavyobebwa mtoto aliyelala. Waliotupita walituachia njia. Nilingoja tufike penye uchochoro usio na mtu.

"La nani hilo?"

"La mjukuu wa Mwalimu Mkuu."

"Uliliona jina?"

"Si nimelifumua mwenyewe jana."

"Kwa nini lake?"

"Fikiri, Baba Kamusi. Ningechukua la mtu mwingine, mwenyewe angelitambua. Angeona nguo ya mwanawe aliye hai imeitwa ya maiti. Angeogopa, angesema, halafu yule binti angevuliwa." Alilipanga vizuri begani. "Mwalimu Mkuu haogopi nguo."

Hoja haikuwa na ufa. Nilipaswa kushtuka papo hapo.

Nyumbani alipanga meza ya pasi karibu na dirisha. Haikuwa Jumapili.

"Hilo si lake," nilisema.

"Najua si lake."

"Sasa?"

"Limekunjamana."

Nilimwacha. Nilikuwa nimejifunza, ingawa kwa kuchelewa, kumwacha. Alimaliza mgongo, akamaliza kifua, akaanza mkono wa kulia. Jua la alasiri lilikuwa bado ukutani mlango ulipobishwa.

Alikuwa Mwalimu Mkuu. Kilemba chake kilikuwa kimekaa upande, naye ni mtu ambaye sikuwahi kuona hata kifungo chake kimekaa upande.

"Mwalimu, lile sweta."

"Lipi?"

"Usinifanye mtoto. Nimelijua pale pale alipolichomoa. Nikasema moyoni, huyu mama ana akili kutuzidi sote, nikanyamaza. Ningenyamaza hadi nizikwe."

"Basi?"

Alishika mwimo wa mlango. "Mjukuu wangu ana homa."

Nilitazama nyuma, kwenye meza ya pasi.

"Nimetoka ukumbini nimemkuta amejilaza. Mwili unachoma. Najua ni upuuzi, Mwalimu. Nimewafundisha watoto wa watu maisha yangu yote kwamba ni upuuzi. Lakini nguo yake iko humu ndani, kwenye kabati la..." Hakumalizia. "Nipe tu. Nitaliweka ndani ya mfuko. Hakuna atakayejua."

Nyuma yake, barabarani, watu walikuwa bado wanatoka ukumbini na vifurushi vyao. Kila mmoja alijua sweta limekuja katika nyumba hii. Likionekana linatoka, kwa mfuko au bila mfuko, maswali yangefika kwa dobi kabla ya magharibi. Na likibaki, mwanamke huyu angekwenda kukaa kando ya kitanda cha mjukuu wake akiwaza kabati langu.

"Ni nani, Baba Kamusi?" mke wangu aliita kutoka ndani.

"Ni..." nilisema, na hapo ndipo nilipoujua uzito wa kukosa kipaji kile.

Alikuja mwenyewe. Nyuma yake sweta lilionekana juu ya meza, mkono wa kulia umenyooka, wa kushoto bado umekunjamana. Alimtazama Mwalimu Mkuu usoni kwa muda, kisha kilembani, kisha tena usoni.

"Imeanza lini?"

Sijui alisikia kiasi gani.

"Mchana huu," alisema Mwalimu Mkuu.

"Inapanda na kushuka, au imekaa tu?"

"Imekaa tu."

"Anakunywa maji?"

"Anayatapika."

"Mmempeleka hospitali?"

Mwalimu Mkuu alifungua kinywa. Nilimwona akilisikia jibu lake kabla hajalitoa, na nilimwona akilitafutia mahali pa kulificha.

"Bado," alisema. "Nilianzia hapa."

Mke wangu aligeuka, akachomoa waya wa pasi ukutani.

"Hata sisi tulisubiri," alisema, na alikuwa amekwisha kuvaa kiatu kimoja, akikitafuta cha pili kwa mguu chini ya meza, bila kulitazama sweta.